Trela Lililoinama

Mkono wa Orrin Pruett ulikataa kuzungusha jeki siku ileile walipofika kambi ya Dry Fork, tena mbele ya watu. Angekuwa peke yake angeutukana ule mkono, akaupumzisha kidogo, kisha akaanza upya. Lakini jua lilikuwa limepoa, wapiga kambi wametoa viti nje na kufungua bia zao, na watu hao hawana sinema wanayoipenda kama kumtazama mgeni akihangaika na trela lake.

Jeki yenyewe ilikuwa ya mkono, imefungwa kwenye pua ya trela. Ukizungusha mpini, pua inapanda, trela linaachana na pikapu. Kisha unalipandisha au kulishusha mpaka sakafu ilale sawa. Kwa miaka mingi Orrin alikuwa akiifanya kazi hiyo bila kuiwazia, jinsi mtu anavyofunga kamba za viatu. Sasa alikuwa na miaka sabini na sita na ugonjwa wa kutetemeka. Akizungusha kidogo, mkono unaruka kutoka kwenye mpini kama umegusa jiko.

Mkewe Twyla alisimama upande wa magurudumu, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine umekumbatia kabari za mbao. Nyonga yake ya kulia ilikuwa ya chuma na ile ya kushoto ilikuwa inangojea zamu, kwa hiyo kuinama hakuweza. Kabari aliziangusha tu chini, akazisukuma kwa ncha ya mkongojo hadi zikaingia chini ya tairi. Moja ikakaa upande. Akaiacha.

"Orrin, nije nishike na mimi."

"Ushike nini? Wewe hata kiatu chako nakuvisha mimi."

"Basi tushike wote wawili."

"Twyla," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Watu wanaangalia."

Mmoja wa hao watu akainuka kitini. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, nywele zimekatwa fupi kama za askari, akitembea wima mno, kama amemeza mti. Mkononi alibeba drili ya betri.

"Habari za safari. Mimi Marvelle, trela langu ni lile la bluu. Mzee, ngoja nikuchomekee hii kwenye ile miguu ya chuma inayoegemeza trela nyuma. Inajishusha yenyewe, wewe unashika tu."

"Bibie," Orrin alisema, "mimi nimepanda nguzo za umeme katika barafu maisha yangu yote. Trela halinishindi."

"Sijasema limekushinda. Nimesema nina drili."

Kwenye viti mtu akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka tu kwa kuwa neno lilimjia vizuri. Lakini Orrin alilisikia lile cheko, na Twyla akaona shingo ya mumewe ikiwa nyekundu hadi nyuma ya masikio. Orrin akauachia mpini, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Inatosha," akasema. "Liko sawa."

Halikuwa sawa. Mtoto mdogo angeona kwamba trela limelalia pua kama ng'ombe anayekunywa maji.

*

Kuishi ndani ya nyumba iliyoinama kunachosha kwa namna ambayo huwezi kumweleza mtu. Mlango wa choo ulikuwa unafunguka wenyewe. Bakuli la maharagwe lilitembea mezani polepole mpaka likagota ukutani, na mkate wa mahindi ukaiva upande mmoja mnene, upande mwingine kama karatasi. Usiku damu iliwajaa kichwani; wakahamisha mito upande wa miguu, na sasa ikawa wote wawili wanateleza kushuka mpaka miguu inagota ukutani. Waliishi hivyo kama watu wenye mgeni mkorofi ambaye hakuna anayethubutu kumtaja.

Kisha friji ikaacha kupoa. Ilikuwa ya gesi, na friji za namna hiyo hazitaki kuinama. Twyla alifungua kuchukua maziwa, akagusa kichupa cha insulini ya Orrin, akakikuta cha vuguvugu.

"Friji imekufa," alisema.

"Haijafa." Orrin alikuwa amekaa akijaribu kufunga kifungo cha shati. "Imeinama tu."

"Na nani ameiinamisha?"

Orrin aliendelea na kifungo chake. Kilimtoka, akakirudia, kikamtoka tena. Twyla alitaka kumfungia, akajizuia, akabeba kikapu cha nguo chafu japo hazikuwa nyingi, akatoka.

Marvelle alikuwa kwenye banda la kufulia akikunja mashuka. Twyla hakujua aanzie wapi, akaanza na mkate ulioiva upande mmoja, akaja kwenye maziwa. Alipofika kwenye insulini alikaa juu ya mashine.

"Njoo," Marvelle akasema. "Acha hizo nguo, hakuna mtu atakayeiba soksi za mzee wako."

Akampeleka kwenye trela la bluu, akamwonyesha vitu vyake kimoja kimoja kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Mgongo wa Marvelle ulikuwa umefungwa vyuma baada ya miaka ya kuchomelea matangi, na mume hakuwa naye. Kabari zake alizitoboa na kuzipigilia mipini ya ufagio. Unazitia chini ya tairi ukiwa umesimama wima. Bomba la maji machafu lilikuwa na kamba ya kulivutia. Kwenye ngazi alichomelea bomba la kushikia. Na kwenye pua ya trela kulikuwa na jeki yenye kitufe.

"Mimi siinami," alisema Marvelle. "Kitu chochote kinachotaka niiname, nimekifukuza kwenye maisha yangu. Pamoja na wanaume wawili."

Twyla akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Nina jeki nyingine ya umeme chini ya kitanda," Marvelle aliendelea. "Ya zamani, lakini nzima. Inanigonga vidole tu. Ichukue."

"Siwezi kuichukua bure."

"Nani kasema bure? Utanipikia huo mkate wako wa mahindi. Ule upande mnene."

*

Walingoja Orrin alale baada ya chakula cha mchana. Twyla alijiambia kwamba anamwonea huruma asichoke, ingawa alijua anajidanganya. Marvelle aliegemeza pua ya trela juu ya gogo, akafungua bolti tatu za jeki ya mkono, wakaingiza ile ya umeme mahali pake, wakaunganisha waya kwenye betri. Mabwana wawili wa jirani walisogea na viti vyao, wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Haya, mama, bonyeza," Marvelle akasema.

Twyla akabonyeza. Jeki ikanguruma kama paka aliyeshiba, na pua ya trela ikaanza kupanda. Ni wakati huohuo mlango ulipofunguliwa, Orrin akasimama pale kizingitini na soksi zake, nywele zimesimama, nyumba ikimwinua taratibu hewani. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka akakuta anabebwa.

"Ghorofa ya ngapi, mzee?" mmoja wa wale mabwana akapaza sauti. Wote wakacheka.

Orrin naye akacheka. Alicheka vizuri, akapunga mkono, akasema kitu kuhusu lifti mbovu. Kisha akarudi ndani na kufunga mlango kwa upole sana, na upole ule ndio uliomtisha Twyla.

Alipoingia alimkuta amekaa kitandani.

"Umenivua nguo mbele ya kambi nzima," Orrin alisema.

"Dawa yako ilikuwa inaharibika."

"Ungeniamsha."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Hiyo nayo ni haki yangu."

"Ufe kwa sababu ya haki yako?"

Jioni hiyo friji ilikuwa baridi, bakuli lilitulia mezani, nao wakala bila kutazamana.

*

Kambi zile hazimruhusu mtu kukaa zaidi ya wiki mbili. Asubuhi ya kuondoka Twyla alienda kuoga kwenye mabafu ya kambi, na kwa mwendo wake wa mkongojo safari hiyo haikuwa fupi. Aliporudi na taulo kichwani, alikuta kila kitu kimefungwa. Trela limeunganishwa na pikapu, kabari zimetolewa, injini inanguruma, na Orrin amekaa nyuma ya usukani, jasho linamtoka, anapiga mluzi.

Twyla akatupa jicho nyuma ya pikapu. Ile jeki ya umeme ilikuwa imelazwa kati ya kuni, waya wake umeviringwa. Kwenye pua ya trela ilikuwa imerudi ile ya mkono.

Alielewa mara moja. Kitufe Orrin alikitumia kuliunganisha trela na pikapu. Baada ya hapo, jeki haina mzigo tena, mtu anaweza kubadilisha kwa raha zake. Alikuwa ameifanya kazi ile peke yake, na mikono ile. Twyla alifungua mdomo. Kisha akamtazama usoni. Orrin alikuwa na uso ambao Twyla alikuwa hajauona tangu mwaka uliopita, uso wa kijana anayeshuka nguzoni taa za mji mzima zikiwaka nyuma yake.

Akaufunga mdomo. Akaona watagombana wakifika.

Marvelle alitoka kuwaaga. Aliona jeki kwenye kuni, akamtazama Twyla, Twyla akatazama pembeni.

"Nenda salama, mzee," Marvelle alisema.

"Asante kwa lifti," Orrin akamjibu, na mara hii alicheka kweli.

*

Orrin hakuelekea kambi nyingine. Alikata kona kuingia barabara ya vumbi, akaendesha mpaka mahali ambapo hapakuwa na choo, wala bomba, wala trela jingine. Palikuwa na changarawe na vichaka na milima ya mbali. Twyla hakuuliza kwa nini. Hapakuwa na viti vya watu wa kutazama.

Orrin alifanya kazi bila haraka. Alimwagiza Twyla aweke kabari, akaziangalia, akazipiga teke zikaingia sawasawa. Kisha akashika mpini. Alizungusha, akapumzika, akazungusha, akaubadilisha mkono. Kila mkono uliporuka aliungoja kama mtu anayengoja mtoto amalize kulia. Twyla aliketi nyuma ya usukani wa pikapu akimwangalia kwenye kioo, na moyo wake, ambao uliapa kugombana, ulianza kumshangilia.

Pua ikainuka. Orrin akampungia. Twyla akasogeza pikapu mbele, akashuka na mkongojo wake, akarudi.

"Umeona?" Orrin alisema. Alikuwa anahema. "Twyla, umeona?"

"Nimeona."

"Hakuna kitufe."

"Nimeona, mzee wangu."

Orrin akaweka mguu mbele ili auzungushe mpini mara ya mwisho. Jeki ikalia, ikajipinda kwenye tundu lake, ikalala upande, na pua ya trela ikashuka juu ya mguu wake wa kushoto.

Hakupiga kelele. Alisema "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, akakaa chini kwa sababu hakuna njia nyingine ya kukaa.

Twyla alijaribu kuinua kwa mikono. Alijua haiwezekani, lakini alijaribu, akalia kwa hasira. Simu haikushika mtandao.

"Twyla. Twyla, nisikilize. Nyuma ya kiti cha pikapu kuna jeki ya gari. Ile fupi nyekundu. Ilete."

Akaileta. Kupiga magoti hakuweza, kwa hiyo alijitupa chini, akalala ubavu juu ya changarawe, nyonga mbovu ikiwa chini, akaisogeza jeki kwa vidole chini ya chuma.

"Si hapo, itaponyoka. Kushoto kwako. Kile chuma kinene, unakiona?"

"Siwezi kuona, jasho limeniingia machoni."

"Papasa. Kina baridi kuliko vingine. Umekipata?"

"Nimekipata."

"Weka ubao chini ya jeki kwanza, isizame. Safi. Sasa pampu. Taratibu, mke wangu. Taratibu, hatuna haraka."

Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama unga, lakini sauti yake ilikuwa tulivu, na Twyla alipampu kwa kuifuata sauti ile. Baadaye, alipokumbuka siku hiyo, kilichomuumiza kuliko yote ni kwamba walikuwa hawajazungumza vizuri namna ile kwa muda mrefu. Alipouvuta mguu nje, kiatu kilikuwa kimejaa damu. Jinsi alivyomfikisha Orrin kwenye pikapu hakuwahi kujua. Wote wawili walitambaa, hilo alilikumbuka, na aliusahau mkongojo. Waliliacha trela na mlango wake wazi.

*

Kwa mtu mwenye kisukari mguu uliopondeka hauna bahati. Madaktari walingoja kidogo, wakaona weusi unapanda, wakamkata chini ya goti.

Binti yao Corrine alikuja kwa ndege kutoka Wichita. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye sauti ya kupanga mambo. Alimbusu baba yake, akambusu mama yake, akavuta kiti.

"Haya. Nielezeni. Jeki inaangukaje?"

Orrin aligeuza uso dirishani.

"Mlisema kwenye simu mmeweka jeki mpya," Corrine aliendelea. "Nani aliifunga?"

"Mimi na Marvelle," Twyla alisema. "Jirani yetu wa kambini."

"Huyo fundi?"

"Alikuwa mchomeleaji."

"Mama! Mwanamke uliyekutana naye mkifua nguo?"

Twyla akamtazama mumewe. Alimngojea aseme, kwa maana yeye ndiye aliyeirudisha ile ya mkono, na mwenye kusema ni yeye. Orrin aliangalia dirisha kana kwamba nje kuna mtu anamwita. Dirisha lilitazamana na ukuta.

Twyla angeweza kusema mwenyewe. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliiona blanketi ilivyolala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa, akaona mumewe amekatwa vya kutosha.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo habari yenyewe. Corrine alimweleza muuguzi, alimweleza mumewe kwenye simu pale ukumbini, sauti chini lakini si chini vya kutosha: "Mama alichezea jeki. Ndiyo, na rafiki yake mmoja. Sijui, uzee tu." Muuguzi alianza kumwelekeza Twyla polepole, kwa maneno mafupi, na kumuuliza kama amekumbuka kula. Twyla alikaa na kikombe chake cha kahawa iliyopoa, akajifunza jinsi inavyokuwa watu wanapokuzungumzia ukiwa umekaa hapohapo.

Siku moja Corrine alishuka kununua chakula. Orrin akazungumza akiangalia dari.

"Bolti zilikuwa tatu."

Twyla aliweka kikombe chini.

"Mbili nilizifunga. Si sana, lakini nilizifunga. Ya tatu ilinianguka kwenye nyasi. Niliitafuta kwa macho. Kuinama, ningeanguka, na ningeanguka nisingeinuka. Basi nikasimama pale nikiziangalia zile nyasi."

"Ungeniita."

"Ulikuwa unaoga."

"Ningetoka na povu kichwani, Orrin! Ningetoka uchi!"

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka, akajifunika macho kwa mkono unaotetemeka, na machozi yakapita katikati ya vidole.

"Na kwa Corrine?" Twyla aliuliza. "Huko nako ulishindwa kuinama?"

"Nikimwambia, atalichukua trela. Mtu asiyeweza kuokota bolti mguuni pake, nani atamwacha barabarani? Nikaona nikinyamaza tutalipata tena."

"Kwa hiyo ukamwachia jina langu."

Twyla alinyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Alikuwa na mengi ya kusema, tena ya miaka mingi, lakini alichoka ghafla, mwili mzima.

"Akirudi," Orrin alisema, "mwambie aje nizungumze naye."

Naye alizungumza. Hakuficha bolti, wala nyasi, wala nani aliyeirudisha ile jeki. Corrine alisikiliza amesimama na mfuko wa mikate mkononi. Baba yake alipomaliza, Corrine aliweka mfuko chini, akamkumbatia mama yake, akalia begani mwake kama msichana. "Nisamehe, Mama. Nimekusema kila mahali. Nisamehe." Twyla alimpapasa mgongo. Kwa muda mfupi ule alijisikia amerudishiwa kitu chake.

Kisha Corrine akafuta pua, akaketi, na ile sauti yake ikarudi.

"Basi hakuna la kujadili tena, si ndiyo? Trela liuzwe. Mtakaa chumba cha chini kwangu."

Wazee wakatazamana. Twyla alitafuta la kumjibu. Aliwaza ngazi za trela, aliwaza mlango wake mwembamba na kile kiti cha magurudumu kilichoegeshwa kando ya kitanda, akavipima kwa akili mara mbili. Hakikupita.

"Ndiyo," alisema.

*

Marvelle, baada ya Twyla kumpigia simu, alikuwa amelivuta trela kutoka lilipoachwa hadi kwenye uwanja wa mtu anayeuza matrela yaliyotumika, nje kidogo ya mji. Alikuwa pia ameirudisha ile jeki ya umeme mahali pake, bolti zote tatu. Mwenye uwanja alitaka trela likae sawa ili wanunuzi waweze kuingia na kutembea ndani.

"Acha tu, mama," alimwambia Twyla. "Nitawatuma vijana wangu."

"Nitaliweka mwenyewe."

Marvelle alimpa kabari zake zenye mipini ya ufagio, na drili. Orrin alisukumwa kwenye kiti chake mpaka kivulini, blanketi magotini. Corrine alibaki garini, kiyoyozi kinanguruma, anaongea na simu.

Twyla alisimama wima. Aliziingiza kabari chini ya tairi, akazigonga kwa kisigino. Alibonyeza kitufe, pua ikapanda ikaachana na pikapu ya Marvelle. Akabonyeza tena, ikashuka polepole hadi kiputo ndani ya kipimo cha usawa kilipotulia katikati. Alizunguka nyuma, akachomeka drili, mguu mmoja ukashuka, kisha wa pili. Hakuna mahali alipoinama. Hakuna mahali alipomwita mtu. Hata jasho halikumtoka.

Akarudi kivulini akiwa na drili mkononi. Orrin alikuwa hajaondoa macho kwenye trela. Lilisimama juani, limenyooka, kama halijawahi kumsumbua mtu.

"Hivyo tu?" aliuliza.

"Hivyo tu."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu. Twyla aliweka mkono begani mwake. Kule nyuma Corrine alipiga honi, mara moja, kwa adabu, akiwaharakisha.